Mutu akiharibika akili kwenye machimbo, nani anajua kumutunza?

Kijana alitoka ndani ya shimo akiwa muzima. Wenzake wawili walibaki chini, udongo uliwafunika. Yeye hakuwa na hata kidonda kimoja, basi sisi wote tulisema: «Mungu asifiwe, huyu amepona.» Siku ya tatu hakulala tena. Alikimbia uchi kati ya mahema, akapiga kila mutu mwenye kumukaribia. Tulimufunga kamba kwenye muti paka asubuhi. Mimi pia nilishika ile kamba.

Kulipokucha tulimupeleka kwenye poste ya afya. Infirmier alimuangalia, kisha akanivuta pembeni: «Papa, mimi nilisomea malaria, kuhara na kuzalisha. Hii ya kichwa hawakutufundisha. Nimuchome shindano gani?»

Hakuwa mutu mubaya. Alisema ukweli, na ule ukweli ndio unatuumiza siye wachimbaji.

Kazi hii inafundishwa

Tusizani kwamba paka daktari mukubwa wa Kinshasa ndiye anaweza kuifanya. Tangu mwaka 2008, Shirika la Afya Duniani, OMS, liko na programu inaitwa mhGAP. Ilitengenezwa juu ya waganga wasiokuwa wataalamu wa akili: infirmier wa poste, daktari wa hospitali ya kawaida. Wanasoma siku chache, kisha mwenye ujuzi anaendelea kuwafuata kazini. Bila kufuatwa vile, masomo yanabaki kwenye karatasi.

Wanafundishwa nini? Kwanza, mbele ya kusema «wazimu» ao «uchawi», tafuta ndani ya mwili. Malaria yenye kupanda ubongoni, sukari yenye kushuka, kichwa chenye kugongwa, vyote vinaweza kumufanya mutu aseme ovyo. Mwenye kuzoea pombe kali kila siku, akiacha mara moja, anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwako, hata kufa. Na kwetu kwenye zahabu, munganga aulize pia kama mugonjwa anachoma zebaki. Moshi wake unaleta kutetemeka, kukosa usingizi, hasira na kusahau.

Pili, namna ya kumutuliza. Mutu mumoja ndiye aseme naye, kwa sauti ya chini. Wenye kushangaa waondoke. Vyuma na mapanga viondolewe. Dawa ya kutuliza iko, lakini iko na kipimo chake, na mwenye kuitoa anabaki pale kuangalia mugonjwa anavyopumua. Kamba si dawa.

Tatu, kuuliza wazi. Kama mutu anaonekana kukata tamaa, umuulize kama anafikiri kujiua. Wengi tunaogopa kwamba swali litamupa hilo wazo. Hapana. Mara nyingi linamufungulia mulango wa kusema.

Ine, kisha shimo kuanguka, usimulazimishe mwenye kupona aeleze yote aliyoona. Na usigawie kila mutu Valium ili alale: OMS inakataza jambo hilo kwa wenye kutoka katika musiba. Angalia nani ako katika hatari, musikilize, muunganishe na jamaa yake na wenye kuweza kumusaidia. Hii hata chef wa kikosi anaweza kujifunza kwa siku moja.

Tulishaona inawezekana

Wakati wa Ebola, toka tarehe 1 Agosti 2018 paka 25 Juni 2020, watu karibu 2.300 walikufa. Hapa Butembo na Katwa, vijana wetu walifundishwa upesi kusema na jamaa zenye kufiwa, mulango kwa mulango. Basi watu wa kufundishwa tuko nao. Chuo kikuu cha Graben kinafundisha udaktari hapa hapa mujini.

Kutegemea mbali haitawezekana. Goma kuko Tulizo Letu, Bukavu kuko SOSAME, vyote viwili vya Ndugu wa Upendo. Lakini vita ilikata barabara ya Goma. Na wachimbaji wa upande wa Manguredjipa, wenye kukimbia mauaji ya ADF, watafika wapi na mugonjwa juu ya moto?

Yule kijana, jamaa yake walimuleta mujini. Walimupata infirmier mwenye kufundishwa. Neno lake la kwanza lilikuwa: «Mumufungue.» Leo anauza vitu vidogo hapa Kimemi, na analala usiku. Alitoka shimoni bila kidonda. Alama ziko kwenye mikono yake ni za kamba yetu.

Ndiyo maana tunaomba vitu viwili. Zone za afya zichague infirmier mumoja wa kila poste ya karibu na machimbo, afundishwe na afuatwe. Na koperative, zenye kutukata kwa kila gramu, zitoe sehemu ya ile pesa kwa masomo na dawa. Siku ya mukutano wa koperative, mama na baba, muulize hilo swali kwa sauti.