KABLA YA KUSIMAMISHA ANTENA, TAZAMA JUU



Siku hizi televisheni imefika vijijini. Ukipita jioni utaona watu wamekusanyika wakitazama mpira. Juu ya paa utaona dishi. Wengine huliita ungo, maana umbo lake ni kama ungo wa kupepetea. Nyumba nyingine ina antena juu ya mlingoti mrefu.

Zanzibar ilipata televisheni mwaka 1973. Tanzania Bara ilianza kuipata mwaka 1994. Wakati ule vijiji vingi havikuwa na umeme. Mwenye televisheni ya betri alisimamisha mlingoti popote uani. Sasa sivyo. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, na nyaya za umeme zimepita katika vijiji vingi. Mlingoti ambao zamani ulikuwa salama, leo unaweza kuua.

Nyaya za umeme mkubwa zinazopita kijijini kwa kawaida hazina gamba. Bomba la chuma likigusa waya huo, umeme hushuka mpaka mikononi mwa wanaolishika. Na wanaolishika ni akina nani? Bomba refu halisimamishwi na mtu mmoja. Atakuwapo baba, na vijana wake, na pengine jirani aliyeitwa kusaidia. Msiba unaweza kuwa wa watu wote hao kwa mara moja. Usidhani mti ni salama. Mwanzi mbichi, au uliolowa mvua, nao hupitisha umeme.

Kwa hiyo pima kabla ya kuchimba shimo. Laza bomba chini, pamoja na antena yake. Kata kamba yenye urefu sawa na bomba hilo. Kisha pima kwa kamba kutoka shimo mpaka chini ya waya, kama tunavyopima mistari ya mahindi. Umbali usipungue kamba mbili. Bomba la mita 6 lisimame mita 12 au zaidi kutoka kwenye waya. Hata upepo ukiliangusha, halitafika. Usisahau waya unaotoka kwenye nguzo kuingia nyumbani kwako. Na usifunge antena kwenye nguzo ya umeme, hata kama nguzo hiyo imo shambani mwako.

Watu wengi hudhani dishi likiwekwa juu sana, picha itakuwa nzuri. Si kweli. Antena ndiyo inayotaka kwenda juu, kwa sababu hupokea mawimbi kutoka mnara uliojengwa ardhini, mbali. Dishi hupokea kutoka chombo kilicho angani, kama kilometa 36,000 juu ya ikweta. Urefu wa paa lako ni kitu gani mbele ya safari hiyo? Dishi linataka anga wazi tu upande linakotazama. Linaweza kukaa chini uani, kwenye bomba fupi lililojengewa zege. Bati lako halitatobolewa, na nyumba haitavuja. Lakini zungushia uzio, maana mbuzi akilisukuma kidogo picha hupotea.

Fundi akisema mwembe wa jirani ukatwe, mwambie ahamishe dishi. Tazama pia miti michanga. Mkaratusi uliofika kiunoni leo, baada ya miaka michache utaziba anga.

Sasa juu ya taratibu. Mlingoti na dishi viwe ndani ya eneo lako. Visining'inie juu ya kiwanja cha jirani wala juu ya njia. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imeweka hifadhi ya mita 30 kila upande, kutoka katikati ya barabara kuu na barabara za mkoa. Usijenge chochote humo. Kijiji chako kinaweza kuwa na mpango wa matumizi ya ardhi na sheria ndogo. Muulize Mtendaji wa Kijiji kabla hujanunua saruji. Kama umepanga nyumba, mwombe mwenye nyumba ruhusa. Wenzetu wa Mji Mkongwe wa Zanzibar wanabanwa zaidi. Mji ule uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na mtu habadilishi sura ya nje ya nyumba bila kibali.

Mlingoti wa chuma uungwe kwa waya mnene wa shaba mpaka kwenye chuma kilichopigiliwa ardhini. Kazi hiyo afanye fundi wa umeme. Hata hivyo, wingu la mvua likianza kutanda, chomoa televisheni na waya wa antena. Radi ikianza kupiga, usiviguse tena.

Na kama mlingoti umekwisha angukia waya, usiuguse, hata kama unaonekana umetulia. Usiuvute kwa kamba wala kwa fimbo. Kama mtu amenaswa, uchungu utakusukuma umshike. Usimshike, utanaswa nawe. Pigeni simu ofisi ya umeme upesi ili umeme ukatwe. Mtu mzima mmoja abaki mbali kidogo na hapo, awazuie watoto na mifugo mpaka mafundi wafike.