Kufundisha kwa Vitu vya Kuchonga: Kutoka Kigoda hadi Sanamu ya Wahenga

Utangulizi

Mwanachuo mmoja, akiwa katika mazoezi ya kufundisha katika shule ya msingi wilayani Mpanda, aliandika ubaoni maneno "Sanaa ya Uchongaji", kisha akawataka wanafunzi watoe mifano. Walitaja vinyago vya Kimakonde, ambavyo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuviona. Mimi, msimamizi wake, nilikuwa nyuma ya darasa nimekalia kigoda cha miguu mitatu kilichoazimwa nyumba ya jirani. Hakuna aliyekitaja, wala mwalimu wao hakukiona.

Kanuni yetu ni kumwongoza mtoto kutoka kinachojulikana kwenda kisichojulikana. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi kanuni hiyo inavyoweza kufuatwa katika somo la vitu vya kuchonga.

1. Kitu cha kila siku

Somo lianze na vitu vya nyumbani: kigoda, kinu na mchi, mwiko, upawa, mpini wa jembe, mzinga wa nyuki. Wanafunzi wavishike na kuvichunguza. Kigoda huchongwa katika kipande kimoja cha mti, bila msumari. Mchi hutaka mti mzito, na kinu hukaushwa kivulini ili kisipasuke. Katika misitu ya miombo ya Katavi mizinga ni ya namna mbili, ya gogo na ya gome. Mti uliobanduliwa gome pande zote hufa. Hivyo kitu kimoja humpa mwalimu somo la sanaa, la sayansi na la utunzaji wa misitu.

Lakini jambo kubwa la kufundisha hapa ni kwamba umbo hufuata kazi. Mtoto akiulizwa kwa nini mchi ni mwembamba katikati, aushike na atwange. Jibu atalipata mkononi.

2. Kitu cha matambiko

Baada ya hapo mwalimu avuke ziwa Tanganyika, kwa maneno na kwa picha, hadi kwa Watabwa, majirani zetu wa upande wa Kongo. Wao walichonga sanamu za wahenga, nazo pia zilikuwa na kazi: ziliwaunganisha walio hai na ukoo wao, na zilithibitisha haki ya mtawala kutawala. Miilini mwake sanamu hizo zilichorwa safu za pembetatu ziitwazo balamwezi, yaani kuchomoza kwa mwezi mpya. Pambo hilohilo liliwekwa pia kwenye vitu vya matumizi, kama vile vigoda. Kwa hiyo wanafunzi wataona kwamba mkono uliochonga cha matambiko na uliochonga cha nyumbani ulitumia lugha moja.

Hapa mwalimu awe na busara. Yapo majumba ambamo vitu vya babu vimechomwa moto kwa kuitwa vya shetani. Mwalimu haingii darasani kufundisha kuabudu, wala kudharau. Anafundisha watu walifikiri nini na waliishije.

3. Kitu kilichochukuliwa

Historia yenyewe inapita mkoani kwetu. Mwaka 1879 Wabelgiji wa jumuiya iliyoundwa na Mfalme Leopold wa Pili walianzisha kituo Karema. Ofisa Emile Storms, aliyeongoza kituo hicho tangu 1882, alianzisha kingine ng'ambo, Mpala, mwaka 1883. Desemba 1884 watu aliowatuma walimwua Lusinga, mtawala wa Kitabwa ambaye mwenyewe alihusika na biashara ya watumwa. Walimkata kichwa, na sanamu ya ukoo wake ikachukuliwa. Storms alivipeleka vyote viwili Ubelgiji. Sanamu ikawa pambo nyumbani kwake, na baadaye ikaingia katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels. Mwaka 2022 sanamu ya Storms mwenyewe iliondolewa katika uwanja mmoja wa Brussels.

Wanafunzi waulizwe: sanamu ya Lusinga ilipowekwa sebuleni kwa mgeni, ilibakiwa na nini? Mti ulikuwa uleule, na pembetatu zilezile. Kazi yake ndiyo iliyokatika. Hakuna aliyeitamkia majina ya wahenga.

4. Mpango wa somo

(a) Kila kikundi kilete kitu kimoja cha kuchonga, kwa ruhusa ya mwenye nacho.
(b) Kikundi kijibu maswali matano: Ni mti gani? Nani alikichonga? Kinafanya kazi gani? Nani anaruhusiwa kukitumia? Kitakwenda wapi mwenye nacho akifa?
(c) Wanafunzi wachore kitu hicho na kuandika majibu chini ya mchoro.
(d) Fundi wa kijijini aalikwe aonyeshe matumizi ya tezo.
(e) Mwisho ndipo mwalimu asimulie habari za Karema na Lusinga.
(f) Vitu virudishwe kwa wenyewe siku hiyohiyo. Shule isijifanye Storms mdogo.

Hitimisho

Swali la tano ndilo zito kuliko yote. Wazee wanaojua majibu wanapungua, na kitu kikibaki bila maelezo yake hugeuka kuni au pambo. Mwalimu hana uwezo wa kuirudisha sanamu iliyoko Tervuren. Anao uwezo wa kuhakikisha kwamba mtoto anayetoka darasani mwake anajua kigoda anachokalia bibi yake kilichongwa na nani, na kwa mti gani.