Makaburi ya Viongozi wa Nyanza (2): Siaya, historia ya taifa uani mwa familia

Mgeni anayetafuta viongozi wa Siaya katika makaburi ya umma atarudi mikono mitupu. Wanasiasa wa kaunti hiyo, sawa na majirani zao wakulima na wavuvi, hulazwa nyumbani, ndani ya boma. Anayetaka kuona kaburi la waziri wa zamani hana budi kupiga hodi kwa wanawe.

Mila ya Wajaluo ndiyo inayopanga hivyo. Mwanamume aliyekwisha kuoa hutarajiwa kuondoka kwa baba yake akaanzishe boma lake, dala, na humo ndimo atakamozikwa: kwa desturi, yeye kulia mwa nyumba na mkewe kushoto. Nyumba ya Nairobi, hata iwe ya fahari vipi, haihesabiki.

Wakenya wote waliuona uzito wa desturi hii katika kesi ya wakili S.M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, aliyekuwa mwanasiasa na mwanaharakati wa Mau Mau, alitaka kumzika Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa marehemu, Umira Kager, ukasema ni Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa mochari miezi mitano. Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo ushindi, na Otieno akazikwa Nyalgunga. Kwa maoni yangu mjane alidhulumiwa, kwa sababu aliyeishi na marehemu alinyimwa sauti. Hata hivyo, hukumu hiyo ilionyesha wazi kwamba kaburi la nyumbani si suala la hisia tu. Lina nguvu mbele ya sheria.

Boma linalojulikana kuliko yote ni Kang'o ka Jaramogi, Bondo. Jaramogi Oginga Odinga, makamu wa kwanza wa rais wa Kenya, alijiuzulu mwaka 1966 akaunda chama cha KPU. Chama kilipigwa marufuku 1969, naye akawekwa kizuizini. Alifariki Januari 1994 akazikwa hapo, na leo boma lina jumba la kaburi na makumbusho. Mjukuu wake Fidel alizikwa papo hapo Januari 2015. Kisha ikaja Oktoba 2025. Raila Odinga, mwana wa Jaramogi, alifariki India tarehe 15, na tarehe 19 alikuwa kaburini Bondo, kwa kuwa aliusia azikwe upesi. Na huyu ndiye aliyekuwa mbunge wa Lang'ata, Nairobi, kuanzia 1992 hadi 2013, eneo lenye makaburi ya umma mashuhuri kuliko yote jijini! Miaka ishirini ya kura za Lang'ata haikutosha kumfanya alale Lang'ata.

Upande wa Rarieda yuko Ramogi Achieng Oneko, aliyeshtakiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta, akawa waziri wa habari baada ya uhuru, kisha akafungwa tena bila kesi na serikali ya Kenyatta huyo huyo. Alifariki Juni 2007 kijijini Kunya. Kenyatta amelala karibu na Bunge, Nairobi, akilindwa na askari. Oneko analindwa na jamaa zake.

Hapo ndipo penye wasiwasi wangu. Familia yenye jina kubwa na uwezo itajenga jumba na kupokea wageni. Lakini wako madiwani, machifu na wabunge wa miaka ya sitini ambao makaburi yao ni saruji iliyopasuka katikati ya mahindi. Wajukuu wamehamia mijini, shamba linagawanywa, vipande vinauzwa. Mnunuzi wa kesho hatajua aliyelala chini ya jembe lake.

Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Taifa ya mwaka 2006 inaruhusu mahali penye thamani ya kihistoria patangazwe na kulindwa. Serikali ya Kaunti ya Siaya ianze na kazi nyepesi: orodha ya makaburi haya, kata kwa kata, kwa ridhaa ya familia, wakati wazee waliohudhuria mazishi hayo wangali hai. Na wewe msomaji mwenye kaburi la namna hiyo uani kwako, andika jina na mwaka, umwachie mtoto wako.

Wiki ijayo tutavuka hadi kisiwa cha Rusinga, kwa Tom Mboya.