Soma Kilichomo, Usitegemee Jina la Chupa: Dawa za Kusafishia Filamu Nyeusi na Nyeupe

Mwishoni mwa mwaka 2023 kampuni ya Tetenal ya Norderstedt, kaskazini mwa Ujerumani, ilifunga shughuli zake. Wapiga picha wengi wa filamu hawakuwahi kulisikia jina hilo, ingawa walikuwa wametumia dawa zake kwa miaka mingi. Kampuni hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1847, ndiyo iliyochanganya na kupakia dawa ambazo sisi tulizinunua kwa majina mengine makubwa, zikiwemo za Kodak na baadhi ya zile za Ilford. Ilikuwa imeshayumba tangu mwaka 2018, ikaokolewa na wafanyakazi wake wenyewe, lakini haikudumu.

Nimeanza na kiwanda hicho kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo kila anayesafisha filamu nyumbani anapaswa kulifahamu. Majina dukani ni mengi, ila viwanda vilivyo nyuma ya majina hayo ni vichache sana. Kimoja kikianguka, chupa za rangi na nembo tofauti hupotea kwa pamoja.

Chukua mfano wa dawa za Kodak. Januari 2012 kampuni hiyo ya Marekani ilikwenda mahakamani kuomba kinga ya mufilisi. Mwaka uliofuata biashara yake ya kuuza filamu na dawa iliangukia mikononi mwa Kodak Alaris, kampuni iliyomilikiwa na mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa Kodak nchini Uingereza. Mwaka 2020 upande wa dawa ukauzwa kwa Sino Promise ya China, nayo ikajiondoa baada ya muda mfupi. Mwaka 2023 leseni ikachukuliwa na Photo Systems ya jimbo la Michigan, Marekani. Wamiliki wote hao wamepita chini ya pakiti ileile ya njano. Wenzao hawakusalimika pia: Ilford iliwekwa chini ya wafilisi mwaka 2004 kabla ya mameneja wake kuinunua na kuunda Harman Technology, na Agfa-Photo ya Ujerumani ilifilisika mwaka 2005.

Wakati mwingine jina hubaki na dawa yenyewe ikabadilika. HC-110, dawa ya Kodak ya kusafishia filamu, kwa miongo kadhaa ilikuwa nzito kama asali, na chupa iliyofunguliwa iliweza kukaa miaka bila kuharibika. Mwaka 2019 ilianza kuuzwa ikiwa nyepesi, yenye maji ndani. Jina halikubadilika, lakini aliyezoea kuiweka kabatini bila wasiwasi ilibidi afikiri upya.

Msimamo wangu ni kwamba usalama wa mpiga picha wa filamu haupo katika kung'ang'ania jina la kampuni. Upo katika kujua kilichomo ndani ya dawa, kwa sababu karibu kila kilichomo kinajulikana, kimechapishwa, na kinaweza kupatikana kwa njia zaidi ya moja.

Dawa inavyofanya kazi

Filamu nyeusi na nyeupe imepakwa utando wa jelatini wenye chembe ndogo za chumvi ya fedha, yaani ile fedha ya masonara. Mwanga unapozigusa, chembe hizo hupata alama isiyoonekana kwa macho. Kazi ya developa ni kuzigeuza chembe zilizoguswa na mwanga kuwa fedha halisi, ambayo kwenye filamu huonekana nyeusi, na kuziacha zile ambazo hazikuguswa. Baadaye fiksa huziyeyusha chembe zilizobaki ili picha isiendelee kuwa nyeusi ukiitoa mwangani.

Developa nyingi zina sehemu nne. Ya kwanza ni kiibuzi, kemikali inayofanya mageuzi yenyewe. Metoli, haidrokwinoni, fenidoni na asidi askobiki, yaani vitamini C, zote ni viibuzi. Ya pili ni alkali, kwa sababu viibuzi hivyo huamka kwenye maji yenye ualkali. Hapa hutumika boraksi, sodiamu kaboneti, au kostiki soda ya watengeneza sabuni. Ya tatu ni kihifadhi, kwa kawaida sodiamu salfaiti, inayozuia hewa isiiharibu dawa mapema. Ikiwa nyingi, salfaiti pia hulainisha chembechembe za picha. Ya nne ni kizuizi, mara nyingi potasiamu bromaidi, inayozuia ukungu katika sehemu ambazo hazikupata mwanga. Si kila developa inaihitaji.

Ukishazijua sehemu hizi, pakiti haikutishi tena. D-76, developa maarufu kuliko zote, ilitoka katika maabara za Kodak mwaka 1927, awali kwa ajili ya filamu za sinema. Kanuni yake kwa lita moja ni metoli gramu 2, salfaiti kavu gramu 100, haidrokwinoni gramu 5 na boraksi gramu 2. Hakuna siri. Ilford huuza dawa ya kanuni hiyohiyo kwa jina la ID-11. Anayelia kwamba D-76 imeadimika huku ID-11 ipo rafuni analia bure.

Ndugu za dawa unayoijua

Hatua ya kwanza dawa yako inapoadimika ni kutafuta ndugu yake. Xtol ya Kodak, iliyotoka mwaka 1996 na kutumia kiibuzi cha jamii ya vitamini C, ina ndugu wa karibu: XT-3 ya Adox ya Ujerumani na Fomadon Excel ya Foma, kiwanda cha Hradec Králové katika Jamhuri ya Cheki ambacho kimekuwapo tangu mwaka 1921. Rodinal, ambayo Agfa iliisajili mwaka 1891, imeishi kuliko kampuni iliyoizaa. Leo Adox huitengeneza, na dawa za aina yake huuzwa pia kwa jina la R09.

Kwa sisi tunaoagiza kutoka mbali, dawa ya unga ina faida kuliko ya maji. Ni nyepesi, haivuji njiani, na wasafirishaji hawaikatai kwa urahisi kama vimiminika vyenye ukali. Kabla ya kuagiza kemikali mbichi, fahamu kanuni za nchi yako; Tanzania, kwa mfano, kemikali husimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Kuchanganya mwenyewe

Hatua ya pili ni kununua kemikali mbichi na kuchanganya mwenyewe. Anza na D-23, kanuni ya Kodak ya miaka ya 1940 yenye vitu viwili tu: metoli gramu 7.5 na salfaiti kavu gramu 100 kwa lita moja ya maji. Haina boraksi kwa sababu salfaiti yenyewe ina ualkali wa kutosha. Haina haidrokwinoni pia, kemikali ambayo wasomaji wengi wanaijua kutokana na vipodozi vya kung'arisha ngozi vilivyopigwa marufuku, na ambayo kwa sababu hiyo inaweza kukuletea maswali ukiiagiza.

Unahitaji mizani ya kielektroniki inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, kama ile ya masonara. Tumia maji ya uvuguvugu, karibu nyuzi 50 za Selsiasi. Weka salfaiti kidogo sana, kiasi cha kubana kwa vidole, kisha yeyusha metoli yote, halafu ndipo umimine salfaiti iliyobaki. Ukitanguliza salfaiti yote, metoli itagoma kuyeyuka. Vaa glavu, kwa kuwa metoli huwasha ngozi za watu wengi na mzio wake ukishaanza hauondoki. Vyombo vya dawa visirudi jikoni kamwe.

Soma kibandiko herufi kwa herufi. Salfaiti, salfeti na salfaidi ni vitu vitatu tofauti, na ni salfaiti pekee inayotakiwa hapa.

Kahawa, vitamini na magadi

Hatua ya tatu huwashangaza wengi. Mwaka 1995 Scott Williams na wanafunzi wake katika Rochester Institute of Technology, Marekani, walionyesha kuwa filamu inaweza kusafishwa kwa kahawa na magadi ya kufulia. Baadaye watu wakaongeza vitamini C, dawa ikawa na nguvu zaidi. Kinachofanya kazi si kafeini. Ni asidi za jamii ya kafeiki zilizomo kwenye kahawa, ndiyo maana hata kahawa iliyoondolewa kafeini hufaa. Robusta ina nyingi zaidi kuliko arabika, hivyo kahawa ya robusta kama ya Bukoba inafaa kwa kazi hii.

Kipimo kinachotumiwa sana kwa lita moja ni sodiamu kaboneti kavu gramu 54, vitamini C safi ya unga gramu 16 na kahawa ya kuyeyuka gramu 40. Yeyusha kaboneti kwanza, kisha vitamini, mwisho kahawa. Subiri mapovu yatulie, usafishe kwa dakika 15 kwenye nyuzi 20, kisha uimwage. Dawa hii haiwekwi akiba. Kwa filamu za kasi kubwa ongeza potasiamu bromaidi gramu 1 kupunguza ukungu. Tarajia harufu mbaya na rangi ya hudhurungi kidogo kwenye negativi. Picha inayotoka ni picha kamili, yenye weusi, weupe na kijivu cha kutosha.

Kaboneti ni kitu cha kwetu. Ziwa Magadi nchini Kenya limechimbwa kwa ajili yake kwa zaidi ya karne moja. Hata hivyo usitumie magadi ghafi ya sokoni, kwani ni mchanganyiko wa kaboneti, baikaboneti na uchafu, na vipimo vyako havitakuwa na maana. Ukikosa iliyosafishwa, tandaza soda ya kuokea kwenye sinia na uioke katika tanuri lenye nyuzi 200 kwa saa moja. Hugeuka kuwa kaboneti kavu.

Pasipo na njia ya mkato

Fiksa haina mbadala wa jikoni. Unahitaji sodiamu thayosalfeti au ndugu yake wa amonia. Mwanasayansi Mwingereza John Herschel aligundua mwaka 1819 kwamba kemikali ya aina hiyo huyeyusha chumvi za fedha, na tangu wakati huo haijapata mpinzani wa kweli. Habari njema ni kwamba thayosalfeti hutumika pia kuondoa klorini kwenye maji ya samaki wa mapambo, hivyo si bidhaa ya wapiga picha peke yao. Ipime fiksa kwa kutupia kipande cha filamu ambayo haijasafishwa na kuhesabu muda wa kipande hicho kuwa angavu. Muda huo ukiwa maradufu ya ule wa fiksa mpya, imechoka. Usiimwage kisimani, mtoni wala baharini, kwa sababu imebeba fedha inayodhuru viumbe wa majini. Ihifadhi kwenye dumu na uipeleke kwa wanaokusanya mabaki ya kemikali.

Joto nalo halisamehe. Vipimo vingi vimeandikwa kwa nyuzi 20, wakati maji ya bomba Mombasa au Dar es Salaam hukaribia 30. Filamu ya HP5 Plus ndani ya ID-11 isiyoongezwa maji huhitaji dakika 7 na nusu kwenye nyuzi 20. Kwenye joto la pwani muda hushuka chini ya dakika 5, na hapo picha huweza kutoka na mabaka. Weka chupa kwenye beseni la maji ya barafu hadi kipimajoto kikubali, au zimua dawa kwa maji sawa kwa sawa ili muda urefuke.

Mwisho, usiamini macho. D-76 iliyoharibika hugeuka hudhurungi, lakini developa za vitamini C huweza kufa zikiwa angavu kama maji. Kabla ya kila kazi, chovya ncha ya filamu iliyokwisha kupigwa na mwanga. Isipogeuka nyeusi ndani ya dakika chache, mwaga dawa hiyo.

Ushauri wangu kwa anayeanza leo ni huu. Nunua kwa watengenezaji waliobaki kila unapoweza, maana bila wateja nao watafunga. Wakati huohuo andika D-23 na kipimo cha kahawa kwenye daftari lako, nunua gramu chache za metoli na salfaiti, na ujaribu kwa filamu isiyo na picha ya thamani kabla shida haijafika. Atakayefanya hivyo hatasimamishwa na kiwanda chochote kinachofungwa.