Sili ya difu bei poa, lawama zake ghali

Biashara ya sili za ekseli ya nyuma haina msimu. Kenya haipokei gari la mtumba lililozidi miaka 8. Tanzania hulipokea, ila kwa ushuru wa ziada. Kwa hiyo Hiace nyingi za abiria zinazeekea barabarani kwetu, na gari likizeeka huvuja. Wauza spea wa Gerezani, Kariakoo, wanaishi kwa hilo.

Hata hivyo, muuzaji mmoja wa spea pale, asiyetaka kutajwa, anasema sili ndiyo bidhaa inayomtia hasara kuliko zote. Faida yake ndogo, na kila mara hurudishiwa ikiwa imeloa oili, aliyetumwa akidai ni feki. Akiikagua anakuta mdomo wa mpira umeliwa upande mmoja tu. Kwake huo ni ushahidi kwamba beringi imekwisha na ekseli inacheza. Mara nyingine ekseli yenyewe imechimbika mfereji pale sili inapokaa. Hapo hata orijino haimalizi wiki. "Fundi ameshachukua cha juu, mimi ndiye mwizi," analalamika.

Ana lake la kutetea, bila shaka. Feki zipo, na baadhi zinauzwa mlango wa pili kutoka kwake. Lakini hesabu za gereji zinampa nguvu. Kubadili sili ya Hiace ni kufungua nati nne nyuma ya sahani ya breki, kuchomoa ekseli na kugongea mpya. Beringi inataka presi, na presi inataka muda, wakati dereva ana hesabu ya kupeleka kwa tajiri jioni. Inabadilishwa sili. Baada ya muda inabadilishwa tena.

Halafu kuna kipumulio, kile kidude kidogo juu ya difu. Difu ikipata moto hewa ya ndani hutanuka. Kipumulio kikizibwa na tope, presha huisukuma oili kupitia sili. Kukisafisha ni kazi ya dakika chache isiyouza spea yoyote, na pengine ndiyo maana wateja hawatajiwi.

Wakati mwingine hata kinachovuja hakijulikani. Oili ya difu ni nzito na inanuka kiberiti. Mafuta ya breki ni mepesi na hubabua rangi. Yakionekana hayo, mkosaji ni silinda ya gurudumu, na sili iliyonunuliwa haikuwa na kosa.

Oili ikishafika ndani ya drami, hendibreki hufa. Shuu zilizolowa ni za kutupa, ila mafundi wengi huziosha kwa petroli, wakazipiga msasa, kisha wakakaza waya. Mkono wa hendibreki unakuwa mgumu, dereva anaridhika. Kwenye mlima konda bado anaruka na jiwe. Canter zina lao: drami ya hendibreki iko nyuma ya giaboksi, hivyo huko sili ya kushukiwa kwanza ni ya giaboksi.

Ofisa mmoja anayehusika na ukaguzi anasema spea feki zimepungua sana na magari mengi ya abiria yako salama. Alipoulizwa kupungua huko kumepimwaje, alirudi kwenye umuhimu wa elimu kwa madereva. Na ukaguzi wenyewe hausemi mengi: gari tupu kwenye uwanja tambarare hushikwa na karibu kila hendibreki. Mtihani uko kwenye mlima wa Kitonga, gari likiwa limejaa.

Mbele ya safari hakutabiriki. Magari mapya zaidi yanakuja na hendibreki za umeme, ambazo nyingi hazifunguliwi bila mashine ya kompyuta, na huenda gereji za chini ya mti zikapoteza kazi hiyo. Lakini Hiace ya drami haionekani kuondoka karibuni. Muuzaji wetu anafikiria kuacha orijino na kubaki na sili za bei ya chini, kwa kuwa lawama ni zile zile. Akifanya hivyo na wenzake wakamfuata, mwenye gari anayetaka kitu cha kudumu atalazimika kuagiza na kusubiri, gari likiwa juu ya mawe.