Upasuaji wa Kiganja Singida: Gharama Iko Wapi?

Mkulima wa alizeti wa Iramba anayeamka usiku kukung'uta mkono uliokufa ganzi ana tatizo linalotibika. Kwenye kifundo cha mkono, mshipa wa fahamu hupita katika mfereji mwembamba pamoja na kano tisa zinazokunja vidole. Nafasi ikibana, ganzi huingia kwenye gumba, kidole cha shahada na cha kati. Mshipa ukibanwa kwa muda mrefu, msuli wa chini ya gumba hunywea na mpini wa jembe haushikiki tena. Madaktari huuita ugonjwa huu kapali taneli. Dalili zikiwa nyepesi, kifundo hufungwa usiku au huchomwa sindano ya steroidi. Wasiopata nafuu huhitaji upasuaji.

Njia ni mbili. Katika upasuaji wa wazi, daktari hupasua kiganja sentimita chache na kukata ukanda mgumu unaofunika mfereji. Katika njia ya pili, kamera nyembamba hupitishwa kwenye tundu dogo na ukanda hukatwa kutoka ndani. Tafiti zilizolinganisha njia hizi zinaonyesha kuwa nafuu ya dalili inakaribiana. Waliofanyiwa kwa kamera hurudi kazini mapema kwa wastani wa siku nane hivi, na kovu huwasumbua kidogo. Hata hivyo, hitilafu za muda za mshipa hutokea zaidi kwao, na njia yenyewe inataka mtambo na daktari aliyeuzoea.

Wachumi wa afya hulinganisha gharama zote na afya inayopatikana. Kwa mkulima, gharama hizo huanzia nyumbani: nauli, chakula cha msindikizaji, palizi iliyolala. Kutoka Singida mjini hadi Dodoma ni takriban kilomita 240. Akipewa rufaa ili afanyiwe kwa kamera, akaenda mara moja kupimwa na mara ya pili kupasuliwa, sehemu kubwa ya zile siku nane huishia safarini.

Kinachopunguza gharama zaidi ni chumba na aina ya ganzi. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa kufanya upasuaji huu katika chumba kikuu cha upasuaji hugharimu karibu mara nne ya kuufanya katika chumba cha upasuaji mdogo. Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Lignokeini iliyochanganywa na adrenalini huchomwa kiganjani, na baada ya karibu nusu saa damu hupungua kiasi kwamba mkanda wa kubana mkono hauhitajiki. Mgonjwa yuko macho na hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Katika utafiti mwingine wa Kanada, wa mwaka 2011, wagonjwa zaidi ya 1,500 walipasuliwa hivyo, na maambukizi ya juujuu yalikuwa asilimia 0.4 tu.

Takwimu hizo haziondoi masharti: vifaa vitakaswe ipasavyo, daktari afundishwe, na kesi ngumu zipelekwe kwa bingwa. Masharti hayo yakitimia, upasuaji wa wazi kwa ganzi ya kiganjani, katika hospitali kama za Kiomboi na Manyoni, ndio unaomfaa zaidi mkulima wa Singida. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inapotekelezwa, huduma hii inastahili kulipiwa wilayani, mapema, kabla msuli haujanywea. Msuli uliokwisha kunywea huenda usirudi, hata upasuaji uwe wa bei gani.