Darasa Lisilo na Mtihani: Juma Moja Katika Chuo cha Wakulima

Mkulima, labda umepata kumsikia Bwana Shamba akitangaza barazani ya kuwa kuna nafasi katika Chuo cha Wakulima, masomo ya siku tano kwa watu wanaofuga ng'ombe wa maziwa. Huenda ulinyamaza. Ulisema moyoni mwako, "Mimi ni mzee, kalamu niliiacha zamani. Tena nikienda nitapewa cheti gani?" Basi maneno haya yameandikwa kwa ajili yako.

Ni kweli ya kuwa masomo haya hayana mtihani. Hakuna wa kwanza wala wa mwisho, na hakuna atakayeanguka. Ukimaliza labda utapewa karatasi ya kuonyesha kwamba ulihudhuria, lakini karatasi hiyo haitakupatia kazi ya ofisini. Kwa sababu hii watu wengi hudhani kwamba ni kupoteza siku tu. Wamekosea. Mtihani upo, ila haufanywi chuoni. Hufanywa nyumbani kwako, katika ndoo ya maziwa na ghala ya mahindi, na anayesahihisha ni shamba lenyewe.

VYUO HIVI VILIANZAJE

Vyuo vya wakulima vilienea katika Kenya baada ya mwaka wa 1954, ulipoanza mpango wa Bwana Swynnerton wa kuendeleza kilimo cha Waafrika. Mkulima alikuja kwa siku chache, akalala huko, akala huko, akaona kwa macho yake na kushika kwa mikono yake. Kisha mwaka wa 1962 ulianza mpango wa kununua na kugawa eka milioni moja za mashamba yaliyokuwa ya Wazungu, na yapata familia 35,000 zikapata makao. Wengi wao hawakuwa wamepata kufuga ng'ombe wa gredi, nao walikuwa na deni la kulipa. Kwao juma moja la masomo halikuwa starehe. Ng'ombe akifa, deni halifi pamoja naye.

Labda wewe ulipata shamba lako mwenyewe, au labda umelirithi kwa baba yako, naye alikuwa mmoja wa watu wale. Vyuo bado vipo. Katika Nyandarua kuna Njabini na Ol Joro Orok, karibu kabisa na mashamba ya skimu. Nyeri kuna Wambugu, Meru kuna Kaguru, Kiambu kuna Waruhiu, Bungoma kuna Mabanga, na Kilifi kuna Mtwapa. Tangu mwaka wa 2013 kazi ya kilimo imekuwa mikononi mwa serikali za kaunti, kwa hiyo ukitaka kujua siku za masomo na ada yake, uulize katika ofisi ya kilimo ya kaunti yako.

Usidhani ya kuwa masomo yasiyo na mtihani ni jambo la watu maskini peke yao. Nchi ya Denmaki inasifiwa ulimwenguni kwa siagi yake. Huko kasisi mmoja aliyeitwa Grundtvig alifundisha ya kuwa watu wazima wa mashambani wanastahili shule yao, isiyo na mitihani. Shule ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa mji wa Rødding mwaka wa 1844, na vijana wengi wa wakulima wakapita katika shule hizi. Mwaka wa 1882 wakulima wa Hjedding walianzisha kiwanda cha kwanza cha ushirika cha maziwa katika nchi hiyo, na vingine vingi vikafuata.

NANI AENDE?

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Tuseme barua ya chuo imefika, na mwenye shamba amekwenda yeye kwa sababu jina lake ndilo lililo katika karatasi za shamba. Anarudi Jumamosi na kumwambia mkewe:

"Mama watoto, kuanzia leo maziwa ya kwanza ya kila chuchu uyakamue katika kikombe cheusi."

"Kwa nini, mzee?"

"Ndivyo tulivyoambiwa."

"Nina ng'ombe watatu wa kukamua kabla gari la maziwa halijapita, nawe waniongezea kikombe?"

Mzee hana jibu, kwa kuwa siku ile alipoonyeshwa alikuwa amesimama nyuma, hakushika chuchu hata moja. Baada ya siku tatu kikombe kimetundikwa ukutani. Ada imelipwa, juma limekwisha, na hakuna kilichobadilika.

Basi shauri ni hili: aende yule afanyaye kazi yenyewe. Kama mama ndiye anayekamua, mama aende. Kama ni kijana anayenyunyizia dawa viazi, yeye aende. Ikiwezekana, mume na mke waende pamoja, au mmoja aende sasa na mwingine mara ijayo. Jambo hili si geni katika nchi yetu. Katika Jeanes School ya Kabete, iliyofunguliwa mwaka wa 1925, waalimu waliokuja kujifunza walikuja na wake zao, na wake wakafundishwa pia, kwa sababu ilionekana ya kuwa ujuzi wa mtu mmoja hautoshi kuibadili nyumba.

Na usiogope kwa kuwa husomi vizuri. Mengi ya masomo haya ni ya kutazama na kufanya. Tena mwenzako aliyeketi karibu nawe naye ana shamba kama lako, naye ana aibu kama yako. Kuuliza si ujinga.

KABLA YA KWENDA

Usiende mikono mitupu. Nenda na swali moja la shamba lako mwenyewe. Si swali kama "Nifanyeje nipate faida?" bali kama hili: "Ndama wangu wawili wamekufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Kwa nini?" Mwalimu hawezi kukujibu vyema kama hujui unachouliza.

Kama wataka kujua habari ya mbolea, uliza kwanza kama chuo kitaweza kukusaidia kupeleka udongo wako upimwe. Udongo huchukuliwa hivi: tembea shambani ukipinda huku na huku, na uchimbe mahali kumi au zaidi, kina cha sentimita 20. Usichukue palipokuwa na boma la ng'ombe, wala njiani, wala chini ya mti. Changanya udongo wote katika ndoo safi, kisha utie nusu kilo katika mfuko safi. Usitumie mfuko uliokuwa na mbolea, kwa maana utapima mbolea ya dukani badala ya udongo wako.

UTAKAYOYAONA

Masomo hutofautiana, lakini haya ni mfano wa mambo yanayoweza kujifunzwa kwa siku chache.

Kikombe cheusi. Ugonjwa wa kiwele mara nyingi huanza kwa siri: kiwele hakijavimba, na ng'ombe anakula kama kawaida. Lakini maziwa ya kwanza ya chuchu yenye ugonjwa yaweza kuwa na mabonge madogo meupe. Katika ndoo hutayaona. Juu ya kitu cheusi utayaona mara moja. Ndiyo sababu ya kikombe. Ukiona mabonge, ng'ombe huyo mkamue mwisho, usichanganye maziwa yake na mengine, na umwite daktari wa mifugo. Akimtibu kwa dawa, muulize ni siku ngapi maziwa yake hayafai kuuzwa wala kunywewa. Laiti mzee wetu angalijua haya, angalikuwa na jibu la kumpa mkewe.

Dang'a. Ndama huzaliwa karibu bila kinga ya magonjwa, na kinga yake ya kwanza imo katika dang'a. Tumbo lake huipokea vizuri katika saa chache za kwanza tu. Kwa hiyo anyweshwe mapema, kabla ya saa sita kupita tangu kuzaliwa. Mkulima anayengoja hadi asubuhi kwa sababu ndama alizaliwa usiku, amekwisha kumpunguzia kinga yake.

Chupa na chumvi. Mahindi yaliyowekwa ghalani yakiwa na unyevu huota ukungu, na ukungu mwingine una sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka wa 2004 sumu hii iliua watu 125 katika Kenya, hasa upande wa Makueni na Kitui. Watu wale walikula mahindi tu. Kuna njia rahisi ya kupima unyevu. Chukua chupa safi iliyo kavu kabisa, tia kijiko cha chumvi kavu, kisha mahindi mpaka theluthi ya chupa. Funga, utikise kwa dakika mbili au tatu, kisha uiache itulie kwa dakika 15. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi bado yana unyevu. Yarudishe juani, juu ya turubai, si juu ya udongo. Isiposhikamana, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi. Lakini kwa kuweka muda mrefu au kuuza, asilimia 13.5 ndiyo itakiwayo, na hapo ni lazima mashine ya kupimia.

UKIRUDI NYUMBANI

Utarudi na mambo kumi kichwani. Usiyafanye yote mara moja. Chagua moja, lile lililojibu swali ulilokwenda nalo. Nunua daftari ndogo, na kabla ya kubadili neno lolote, andika hali ilivyo kwa siku saba: lita za maziwa asubuhi na jioni, au kilo za chakula ulichowapa. Kisha badilisha jambo hilo moja, nawe uendelee kuandika. Ukibadilisha chakula na saa za kukamua kwa siku moja, na maziwa yakaongezeka, hutajua ni lipi lililokusaidia.

Tena si kila fundisho linafaa kila mahali. Mkulima wa Kinangop kwenye baridi na viazi, na mkulima wa Pwani kwenye minazi na mihogo, hawalimi kwa namna moja. Ukiwa darasani simama uulize, "Je, jambo hili litafaa kwenye baridi ya kwetu? Gharama yake ni kiasi gani?" Mwalimu mwema hatakasirika.

Wala darasa halileti mvua, wala halipandishi bei ya maziwa. Usilitazamie hayo. Kazi yake ni kukuzuia usipoteze kile ambacho tayari unacho: ndama aliyekwisha zaliwa, maziwa yaliyokwisha kamuliwa, mahindi yaliyokwisha vunwa.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Aende yule afanyaye kazi yenyewe, mume au mke.
2. Nenda na swali moja la shamba lako.
3. Darasani shika kwa mikono, usisimame nyuma.
4. Ukirudi, badilisha jambo moja, uandike katika daftari.
5. Baada ya mwezi mmoja, mwonyeshe jirani daftari lako, liwe limeonyesha faida au hasara.

Wiki hii pita ofisi ya kilimo iliyo karibu nawe, uulize ni lini masomo ya mbele yataanza. Na ukifika nyumbani, kabla hujasema nani atakwenda, uliza kwanza nani anayekamua.